VIJANA NA TEKNOLOJIA: Utafiti wako usiishie kabatini

Na MWANDISHI WETU

NI kisa ambacho vijana wengi wanaofanya utafiti wa watumiaji katika kampuni za teknolojia wanakijua vizuri. Programu ya simu imekwisha kutengenezwa, siku ya uzinduzi imetangazwa, ndipo bosi anakumbuka: “Hebu tafuta watu watano uwaulize kama wameipenda.”

Kijana anaingia mtaani, anakaa na wateja, anarudi na ripoti ya kurasa 40. Anapigiwa makofi kwenye mkutano. Kazi kwisha. Programu inazinduliwa vilevile ilivyokuwa, na ripoti inalala.

Hatari ni kwamba siku pesa zikipungua, kitengo ambacho hakuna aliyewahi kuona faida yake huwa cha kwanza kufungwa. Kwa hivyo kama uko katika kazi hii, au unaitamani, kujua kuuliza maswali mazuri hakutoshi. Lazima ujue jinsi ya kufanya majibu yabadilishe uamuzi wa wakubwa.

Mfano hauko mbali. Uko kwenye simu yako.

Mnamo Oktoba 2005, Safaricom na Vodafone ya Uingereza zilianza majaribio ya M-Pesa. Wakati huo mpango haukuwa watu kutumiana pesa. Lengo lilikuwa kuwawezesha wateja wa shirika la mikopo midogo, Faulu Kenya, kupokea na kulipa mikopo yao kwa simu. Wateja wapatao 500 wa Nairobi na Thika walishirikishwa.

Waliosimamia mradi huo, wakiwemo Nick Hughes na Susie Lonie, walifuatilia kwa karibu yale wateja waliyofanya na huduma hiyo. Mengi hayakuwa kwenye mpango. Kuna waliolipiana mikopo kama malipo ya kazi au huduma. Kuna waliokuwa wakisafiri, wakaweka pesa upande mmoja na kuzitoa walikofika, ili wasibebe noti njiani. Wafanyabiashara nao waliitumia kama sefu ya usiku, kwa sababu benki zilifungwa kabla ya maduka ya maajenti.

Upande wa mikopo, mambo yalikuwa magumu. Mkopo wa kikundi hutegemea wanachama kukutana na kulipa pamoja. Mtu akishalipa kwa simu, ya nini tena kwenda mkutanoni?

Kampuni ingeweza kushikilia mpango wake na kusema wateja wanatumia huduma kinyume na ilivyokusudiwa. Badala yake, ilipozindua M-Pesa kwa umma Machi 2007, ujumbe mkuu ulikuwa mfupi: tuma pesa nyumbani. Mikopo iliwekwa kando. Yaliyoonekana kwa wateja wale 500 yalibadilisha biashara yenyewe, na yalifika mezani wakati uamuzi ulikuwa bado haujafanywa.

Jibu la soko moja pia halihami na mizigo. M-Pesa ilipopelekwa Afrika Kusini mwaka 2010 kupitia Vodacom, haikushika. Watu wengi zaidi huko tayari walikuwa na akaunti za benki. Huduma hiyo ilifungwa mwaka 2016.

Sasa, kijana ambaye hana cheo atafanyaje ili utafiti wake usikilizwe?

Kwanza, anza na uamuzi. Kabla ya kuandika swali hata moja, muulize bosi: Unataka kuamua nini? Lini? Nani ana sauti ya mwisho? Kisha muulize swali gumu: Ni jambo gani ukilisikia kutoka kwa wateja litakufanya ubadilishe mawazo? Kama hakuna, huo utafiti ni wa kupiga picha tu.

Pili, jua kalenda ya pesa. Kampuni nyingi hupanga kazi na bajeti kila baada ya miezi mitatu. Matokeo yakifika wiki moja baada ya kikao hicho, hata yawe ya dhahabu, yamechelewa. Kurasa mbili kabla ya kikao zinashinda 40 baada yake.

Tatu, sema kwa lugha ya biashara. Ukisema “wateja wanachanganyikiwa wanapojisajili,” bosi ataitikia kwa kichwa na kuendelea na yake. Lakini ukionyesha kwamba, kwa mfano, kati ya kila watu 10 wanaoanza kujisajili wanne wanatoroka wakiombwa picha ya kitambulisho, na ukapiga hesabu ya mauzo yanayopotea hapo, atauliza mwenyewe la kufanya.

Nne, mtoe bosi ofisini. Mpeleke Gikomba akae asubuhi nzima na mwenye kibanda anayejaribu kutumia programu yenu huku wateja wakimngoja. Dakika 10 za kumtazama mtu akikwama zina nguvu kuliko maelezo yako yote.

Tano, achilia kazi ndogondogo. Wafundishe wabunifu wa programu kujaribu wenyewe kama kitufe kinaonekana. Inauma kidogo, maana ndiyo kazi iliyokupa jina, lakini muda wako utabaki kwa maswali makubwa: Tumlenge nani? Tatizo hili lipo kweli?

Sita, hifadhi maarifa mahali pamoja, yakiwa yamepangwa kwa mada, ili mfanyakazi mpya asitumwe kuuliza yaliyoulizwa mwaka jana. Ila usisahau Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019: rekodi za sauti, majina na nambari za simu za waliokupa muda wao si mali ya kusambaza ovyo. Omba idhini, na ondoa utambulisho wao.

Haya yote hayamaanishi utapendwa. Kuna siku matokeo yatasema wazo alilolipenda mkubwa halina mnunuzi. Mwambie mapema, faraghani, ukiwa na ushahidi na njia nyingine ya kujaribu. Ni afadhali alisikie kutoka kwako kuliko kutoka sokoni, pesa zikiwa zimekwisha.

Utafiti wako ujao, andika sentensi moja juu ya karatasi ya mpango: “Matokeo haya yatasaidia kuamua…” Ukishindwa kuimalizia, usiende mtaani kwanza. Rudi kwa bosi.