Hukumu ya Kumkodi Mfanya Mazingaombwe

Tumeulizwa: je, inafaa kumkodi mfanya mazingaombwe aje kuwafurahisha watoto katika harusi au Sikukuu ya Idi?

Hukumu hufuata kitendo, haifuati jina. Akitumia majini au akidai kujua ya ghaibu, kumlipa ni haramu, kwani sharti la ijara ni manufaa yawe ya halali. Na sihiri Mtume (s.a.w.) ameihesabu katika madhambi saba yenye kuangamiza, kama walivyopokea Bukhari na Muslim.

Ama kiinimacho, ambapo jicho hushughulishwa huku na mkono ukatenda kule, wanachuoni wamekijadili tangu zamani. Abu Bakr al-Jassas (aliyefariki mwaka 370 Hijria) ameeleza katika Ahkam al-Qur'an kuwa hata kamba na fimbo za wachawi wa Firauni zilisemekana kujazwa zebaki, ikapata joto zikatikisika. Watu wakadhani zinakwenda (taz. Qur'an 20:66).

Kwa kuwa Waarabu huziita hata hila hizi sihiri, wapo waliozikataza zote. Wengine wameruhusu mchezo ambao kila mtazamaji anajua kuwa ni hila tu.

Basi mwenye kufuata kauli hii ya pili, kabla ya kutoa ujira, amwekee sharti aseme wazi kuwa ni wepesi wa mikono. Mtoto akirudi nyumbani akiamini kuwa binadamu amegeuza karatasi kuwa noti, tutakuwa tumeiharibu itikadi yake kwa fedha zetu wenyewe.

Wallahu a'lam.