Mashine Ipo Katikati

Kuanzia Septemba 2020 hadi Februari 2021, kulikuwa na watu waliokuwa wakiinama ndani ya mabanda ya kuku katika mikoa ya Kilimanjaro na Arusha, simu mkononi, wakipiga picha za kinyesi. Kuku wenyewe hawakupigwa picha hata moja. Kilichotakiwa ni kile kilichoachwa juu ya maranda: chenye damu, cha kijani, cheupe na majimaji, au cha kawaida tu. Walitumia Open Data Kit, programu inayohifadhi taarifa kwenye simu hata pasipo mtandao na kuzituma baadaye. Picha zilizokusanywa kwa njia hiyo zilifika 6,812.

Aliyetangulia katika orodha ya watafiti alikuwa Dk. Dina Machuve, aliyekuwa mhadhiri wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Chuo hicho kipo Tengeru, kando ya njia ya kutoka Moshi kwenda Arusha, na tangu kipokee wanafunzi wa kwanza mwaka 2011 kimekuwa kikitoa shahada za uzamili na uzamivu. Wenzake walikuwa Ezinne Nwankwo, Neema Mduma na Jimmy Mbelwa, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2022. Swali lao lilikuwa hili: je, kompyuta inaweza kutazama kinyesi na kutambua kuhara damu, salmonela au kideri kabla banda zima halijaisha?

Wengi wakisikia habari za akili mnemba huwaza vyumba vilivyojaa mitambo na vijana wanaoandika programu usiku kucha. Mitambo ipo, na usiku wa kukesha upo. Lakini ukizifuatilia tafiti za ukanda huu wa Kilimanjaro, utaona kwamba mashine yenyewe imekaa katikati ya kazi, tena mara nyingi ni ya kuazima. Jasho kubwa humwagika kabla yake na baada yake.

Ya kuazima

Kuunda modeli ya kutambua picha kuanzia sifuri kunahitaji picha nyingi mno. Kwa hiyo watafiti wa kuku walichukua modeli nne maarufu zilizokwishafundishwa na wengine: VGG16, InceptionV3, MobileNetV2 na Xception. Modeli za aina hii kwa kawaida husomeshwa kwanza kwa ImageNet, hazina ya picha zaidi ya milioni moja zilizogawanywa katika makundi 1,000. Miongoni mwa makundi hayo limo la jogoo na limo la mtetea. La kinyesi chao halimo.

Hilo si kikwazo. Modeli iliyokwishajua kutofautisha kingo, rangi na mikwaruzo ya kila aina haihitaji kuanza upya; hufundishwa tu kuutumia ujuzi huo kwenye jambo jingine. Kila picha inayoingia ni safu za namba zinazowakilisha rangi. Modeli hutoa jibu, jibu hulinganishwa na lebo iliyowekwa na binadamu, na pale inapokosea namba zake za ndani husogezwa kidogo. Zoezi hurudiwa maelfu ya mara.

Baada ya kunolewa, Xception ilipata usahihi wa asilimia 98.24 na MobileNetV2 asilimia 98.02. Watafiti wakapendekeza hiyo ya pili. Sababu ni wepesi: MobileNetV2 ilitengenezwa kwa ajili ya simu, nayo ina vigezo, yaani hizo namba za ndani, takriban milioni 3.5, wakati VGG16 ina takriban milioni 138. Tofauti ya robo ya asilimia haina uzito kwa mfugaji ambaye simu yake imejaa na bando limekata.

Nani kasema hiki ni kideri?

Asilimia 98 ni alama ya kupendeza, lakini ni vizuri kuuliza mtihani ulisahihishwa na nani. Lebo za picha zile 6,812 za mabandani ziliwekwa na wataalamu wa huduma za mifugo kwa kutazama. Kando yake yalikuwepo makundi mengine ya picha, jumla 1,255, ambazo sampuli zake zilipelekwa maabara na kupimwa kwa PCR, kipimo kinachonakili vinasaba vya kimelea mara nyingi hadi kuonekana kwake kusiwe na ubishi. Picha za pande zote mbili zilitumika kufundishia. Lakini zilizotengwa kwa ajili ya kupimia zilikuwa za mabandani. Maana yake, alama ile inaonyesha jinsi modeli inavyokubaliana na jicho la mtaalamu, si na maabara.

Ndiyo maana gharama ya utafiti wa namna hii haipo kwenye kompyuta peke yake. Ipo kwenye usafiri, muda wa wataalamu, na kemikali za PCR.

Kuna tatizo jingine lililojificha ndani ya hesabu. Katika picha za mabandani, za salmonela zilikuwa 2,276, za kuhara damu 2,103, za kuku wazima 2,057. Za kideri zilikuwa 376 tu. Sasa fikiria modeli mvivu isiyojua chochote kuhusu kideri, inayojibu "si kideri" kwa kila picha. Ingepatia zaidi ya mara 94 katika kila mia, na isingemgundua hata kuku mmoja mwenye ugonjwa huo. Kwa sababu hiyo watafiti hawakuishia kwenye usahihi wa jumla. Walitumia pia kipimo kiitwacho F1, kinachoibana modeli pande mbili kwa kila ugonjwa: imewakosa wagonjwa wangapi, na imewasingizia wazima wangapi. Kwa modeli zote, katika makundi yote manne, alama ya F1 ilizidi asilimia 75. Vipimo hivyo viwili vikisomwa pamoja vinaeleza mengi kuliko chochote kati yake kikisimama peke yake.

Tatizo hilo la wachache Neema Mduma alilijua kitambo. Uzamivu wake, alioufanyia hapo hapo Tengeru, ulihusu kutabiri wanafunzi walio katika hatari ya kuacha shule, na katika takwimu za namna hiyo wanaobaki shuleni huwafunika kwa wingi wale wanaoondoka. Modeli isiyoangaliwa vizuri itasema wote watabaki.

Kivuli cha kihamba

Mwaka 2023 Mduma na Judith Leo walichapisha hazina ya picha 16,092 za majani na mashina ya migomba ya Tanzania, iliyolenga magonjwa mawili: sigatoka nyeusi na mnyauko fuzari. Kwa watu wa Kibosho, Machame au Marangu, ambao ndizi ndiyo mtori na ndiyo mbege, hayo si magonjwa ya vitabuni.

Mnyauko fuzari husababishwa na kuvu anayeingia kupitia mizizi na kuziba mishipa ya maji. Majani ya chini hugeuka manjano kuanzia kingoni, kisha huning'inia kuzunguka shina. Hauna dawa ya kunyunyizia, na kuvu wake hukaa udongoni kwa miongo. Shida ni kwamba mgomba hugeuka manjano pia kwa ukame au kwa kukosa potasiamu. Mkulima mzoefu hukata shina akatazama kama lina michirizi ya kahawia kwa ndani. Simu haikati shina; hulitazama kwa nje, tena kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, ambako jani la mgomba mmoja limelalia la mwingine, upepo umelichanachana, na chini yake kuna kahawa na magimbi. Ndiyo maana picha zilizopigwa shambani hasa, pamoja na fujo zake zote, zina thamani kuliko za majani yaliyolazwa juu ya karatasi nyeupe.

Baada ya jibu

Mjini Moshi swali linageuka: kutoka mashine inaona nini hadi mgonjwa anafanya nini baada ya jibu. Katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, watafiti wa macho akiwemo daktari Charles Cleland, wakishirikiana na chuo cha London cha afya na magonjwa ya kitropiki, walichapisha mwaka 2024 mpango wa jaribio kuhusu wagonjwa wa kisukari. Kisukari huharibu mishipa midogo ya retina polepole, bila maumivu, na mgonjwa anapoanza kuona giza mara nyingi amechelewa. Picha ya retina huonyesha madhara mapema. Kwa utaratibu wa kawaida, picha hiyo husomwa na binadamu. Katika jaribio, kundi moja lilipangwa kusomewa na akili mnemba.

Kilichopangwa kupimwa hasa ni hiki: kati ya walioambiwa waende kliniki kuu ya macho, ni wangapi watakuwa wamefika ndani ya wiki sita?

Msingi wa kuuliza hivyo ulikwishaonekana Rwanda. Huko, timu ya daktari wa macho Wanjiku Mathenge iliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu: baadhi wakapewa jibu la mashine papo hapo, wengine wakasubiri picha zao zisomwe na wataalamu. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022, waliopata jibu la papo hapo walikwenda hospitali kwa asilimia 51.5, na waliosubiri kwa asilimia 39.6. Mashine ilisaidia, na bado karibu nusu ya walioambiwa na mashine hawakwenda.

Kwa mtu anayetoka Rombo au Same, safari ya KCMC ina nauli ya kwenda na kurudi, siku nzima ya kazi iliyopotea, na pengine ndugu wa kumsindikiza, maana dawa ya kupanua mboni huacha macho yakiwa na ukungu kwa saa kadhaa. Mambo hayo hayamo kwenye picha ya retina, na kuyapima kunahitaji dodoso, simu za kufuatilia wagonjwa na daftari la mahudhurio la kliniki.