Nyumba Zilizokwisha Jengwa Nazo Zipimwe

Apitaye katika barabara kuu itokayo Geita kwenda Chato hakosi kushangazwa na ukuaji wa mji wa Katoro. Fremu za maduka zimepangana pande zote mbili za barabara, nyumba za kulala wageni zimeongezeka, na mabati yanametameta hadi mbali. Fedha itokayo katika dhahabu na biashara imegeuzwa kuwa tofali na saruji, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini tunapohesabu nyumba zilizojengwa, ni mara chache sana tunauliza swali la pili: je, nyumba hizo zinatumikaje, na zinamgharimu nini yule anayeishi au kufanya kazi ndani yake?

Siku hizi duniani kuna utaratibu wa kuyapa majengo vyeti vya kijani, yaani vyeti vya kuthibitisha kwamba jengo hutumia umeme, maji na vifaa kwa uangalifu. Uingereza ilianza na BREEAM mwaka 1990. Baadaye Marekani ikaanzisha LEED. Hapa Afrika Mashariki kinajulikana pia cheti cha EDGE cha Shirika la Fedha la Kimataifa, tawi la Benki ya Dunia, ambacho hudai jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 katika vifaa vya ujenzi.

Mwanzoni vyeti hivyo vilielekezwa zaidi kwenye majengo mapya. Hapo ndipo kasoro ilipoonekana. Mchoro unaweza kuwa mzuri, cheti kikatundikwa ukutani, na miaka mitatu baadaye mabomba yakawa yanavuja na taa zikawaka mchana kutwa. Kwa hiyo mwaka 2004 LEED ilitoa kipimo cha majengo yaliyokwisha kusimama, na BREEAM nayo ikawa na cha kwake. Vyeti vya namna hii havitazami ahadi za mchoraji. Hutazama hesabu za matumizi halisi, tena hutolewa kwa muda tu. Muda ukiisha, jengo hupimwa upya.

Mfano mashuhuri ni jengo la Empire State la mjini New York, lililofunguliwa mwaka 1931. Lilipokarabatiwa kuanzia mwaka 2009, madirisha yake yapatayo 6,500 hayakutupwa. Yalifunguliwa, yakasafishwa, yakaongezewa utando wa kuzuia joto, kisha yakarudishwa mahali pake. Mwaka 2011 jengo hilo lilipewa cheti cha LEED cha kiwango cha Dhahabu. Sisi wa ukanda wa Geita, tunaoijua dhahabu ya ardhini, tunafaa kuizingatia dhahabu ya aina hiyo, ipatikanayo kwa kutunza kilichopo.

Hatusemi kwamba mwenye gesti ya vyumba kumi mjini Katoro aende kutafuta cheti cha Marekani. Gharama ya wataalamu na ada peke yake ingemshinda. Tunasema kwamba nidhamu iliyo nyuma ya cheti hicho haihitaji fedha za kigeni. Inahitaji mita, daftari, na mtu wa kuandika.

Tuchukue mfano wa gesti yenye balbu 20 za zamani za wati 60, zinazowaka saa 10 kila usiku. Balbu hizo hula uniti 12 kwa usiku mmoja, yaani uniti 360 kwa mwezi. Zikibadilishwa kwa taa za LED za wati 9, matumizi hushuka hadi uniti 54. Uniti 306 zinabaki mfukoni kila mwezi, bila mgeni hata mmoja kukaa gizani.

Au tuchukue paa la shule lenye ukubwa wa mita za mraba 100. Kila milimita moja ya mvua iangukayo juu yake ni lita 100 za maji. Kwa mwaka wenye mvua ya milimita 900, paa hilo hupokea lita 90,000. Hata tukiondoa sehemu moja ya tano inayopotea, zinabaki lita 72,000, ambazo kwa siku 200 za masomo ni sawa na ndoo 18 za lita 20 kila siku. Tangi moja la lita 5,000 haliwezi kuyahifadhi yote, kwa kuwa mvua hainyeshi mwaka mzima. Hata hivyo ni afadhali hilo kuliko kuyaacha maji yachimbe msingi wa darasa, huku wanafunzi wakitumwa kisimani.

Mwaka 2021 na 2022 Serikali ilijenga madarasa 15,000 nchini kwa sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa kukabiliana na athari za UVIKO-19. Ilikuwa kazi kubwa na ya kupongezwa. Madarasa hayo sasa ni majengo yaliyopo, na yanahitaji kutunzwa kama yalivyohitaji kujengwa. Darasa lisilo na dari wala matundu ya hewa ya kutosha chini ya bati huwa tanuri ifikapo saa saba mchana, na mtoto aliyechoshwa na joto hafundishiki. Vivyo hivyo kwa majiko. Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa katazo la Serikali kwa taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kutumia kuni na mkaa, na pia wa Mkakati wa Taifa unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Jiko la shule lililojengwa kwa ajili ya kuni halina budi kufanyiwa marekebisho. Agizo peke yake haliwezi kupika ugali.

Wako watakaosema kwamba nyumba kuukuu dawa yake ni kubomoa. Tunatofautiana nao. Nyumba nyingi za kwetu ni za matofali ya kuchoma, na matofali hayo yalichomwa kwa miti. Kuibomoa nyumba imara ili kujenga nyingine ya matofali ya kuchoma ni kukata msitu kwa mara ya pili. Panapolazimu kuongeza chumba, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi kwa miaka mingi umehimiza matofali ya kufungamana ya udongo na saruji, ambayo hayachomwi.

Jambo gumu zaidi ni la mwenye nyumba na mpangaji. Mpangaji ndiye anunuaye umeme. Mwenye nyumba ndiye mwenye mamlaka ya kuweka dari, gata na nyaya mpya. Mmoja ana sababu ya kurekebisha lakini nyumba si yake. Mwingine nyumba ni yake lakini gharama haimuumi. Mwaka 2021, kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kupitia LUKU, wapangaji wengi walilalamika kwamba wanalipishwa kodi isiyo yao. Kama hatutakuwa waangalifu, hata nyumba ya kijani itakuwa kisingizio cha kupandisha kodi ya chumba kwa mchimbaji mdogo na mama wa mbogamboga. Inafaa basi makubaliano ya upangaji yaandikwe, yataje nani anarekebisha nini, na kila mpangaji awe na mita yake, ili ugomvi wa mita moja kwa kaya nne ukome.

Hatuanzi jambo geni. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wakati sehemu kubwa ya mkoa ule ilikuwa imekauka. Si kila mti uliotoka kitaluni. Wananchi waliirudia desturi yao ya ngitili, wakavilinda visiki vilivyokuwa bado hai hadi vikachipua, na sheria ndogo za vijiji zikawa ndiyo ngao. Kilichopona kilipona kwa kutunzwa na kusimamiwa na wenyewe.

Tunashauri, kwa hiyo, kwamba Halmashauri ianze na majengo yake yenyewe: ofisi, shule, zahanati na masoko. Kila jengo liwe na ubao wa wazi unaoonyesha uniti za umeme na lita za maji zilizotumika kila mwezi. Baada ya miezi 12 lipimwe, na anayepima asiwe yule anayeuza taa au matangi. Jengo lililopunguza matumizi bila kuwapunguzia watu huduma lipewe cheti cha mwaka mmoja, likilegea, linyang'anywe. Wenye maduka na gesti wakaribishwe kujiunga bila ada.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mji unaojenga kuta kila siku, wa kuziba nyufa nao watafutwe, wapewe vifaa, na kazi yao iandikwe katika bajeti.