Mkaa Usiofuka Moshi na Mzigo wa Moyo

Wengi hudhani kwamba jiko la mkaa, moto ukishakolea na moshi kwisha, halina madhara tena. Sivyo. Mkaa uwakao pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Moyo hulazimika kwenda mbio ili kufidia upungufu huo, ilhali msuli wake wenyewe hulishwa kwa damu hiyohiyo iliyopungukiwa. Katika majaribio yaliyotangazwa Marekani mwaka 1989, wagonjwa wa moyo waliovuta kiasi kidogo tu cha gesi hiyo walibanwa kifua mapema zaidi walipofanya mazoezi. Hata makaa yaliyofunikwa na jivu huendelea kuitoa. Jiko lisiingizwe kamwe chumbani mwa kulala.