Sharubati ya Mabibo na Chupa Iliyorusha Kizibo



Msimu wa korosho uingiapo, ardhi chini ya mikanju ya Kilifi na Kwale hujaa mabibo ya manjano na mekundu. Korosho huokotwa na kuuzwa. Mabibo huachiwa mbuzi na nzi, au huwaendea wale wayakamuao kwa ajili ya ulevi. Tunda hili limelishinda chungwa kwa vitamini C mara kadhaa, nasi tumezoea kulikanyaga.

Kwa hiyo tulifurahi msimu uliopita kusikia kwamba jamaa mmoja mwenye shamba dogo, yeye na mkewe na watoto wao, wameanza kukamua sharubati na kuiuza. Mabibo huokotwa alfajiri, kwani lililoanguka halichelewi kuoza. Huoshwa, hukamuliwa kwa mkono, na maji yake hutiwa maji ya mchele uliochemshwa. Wanga ule hushikamana na ule ukakasi unaokwaruza koo, ukazama nao chini. Kisha huchujwa kwa kitambaa na kujazwa chupani.

Siku moja baada ya Alasiri baba yule alitujia na chupa mkononi. "Sheikh, hizi zimebaki tangu juzi. Nikifungua, kizibo charuka. Wateja wengine wasema hivi ndivyo zilivyo tamu zaidi. Niuze au nimwage?" Tulimuuliza zi ngapi. Akasema arubaini. Chupa arubaini kwa nyumba kama ile si hasara ndogo, wala hatukumjibu kwa pupa.

Wapo wamjibuo mtu kama huyu kwamba siku tatu hazijatimia. Hoja yao ni hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) katika Sahih Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akirowekewa zabibu, akinywa siku ile, ya pili na ya tatu, kisha kilichobaki hakikuwekwa zaidi. Hadithi ni sahihi. Kuipimia sharubati ya mabibo ndiko kusikofaa. Zile zilikuwa zabibu kavu ndani ya maji. Hii ni maji ya tunda bichi lenye sukari, katika joto la pwani yetu, na chachu imekaa juu ya ganda lake tangu mtini. Huweza kuanza kuchacha kabla ya jua la pili kuchwa. Sharia haikuharamisha siku ya nne. Imeharamisha kulevya, na kilevyacho kikiwa kingi, hata kichache chake ni haramu. Povu lipandalo lenyewe, kizibo kirukacho, harufu kali: hizo ndizo dalili. Tukamwambia asiuze hata moja, wala asiwagawie majirani bure.

Je, amwage? Hapa fikihi yetu ya Kishafii ina wasaa ambao wengi hawaujui. Maji yaliyokamuliwa bila nia ya ulevi hayalazimu kumwagwa. Yakiachwa yakageuka siki yenyewe, siki ile ni tohara na ni halali. Kinachoiharibu katika madhehebu yetu ni kutia kitu ndani yake baada ya kuwa ulevi, mfano wa chumvi au mkate, ili igeuke upesi. Mahanafi wameruhusu, lakini tulimjibu kwa madhehebu aliyolelewa nayo. Kufungua mdomo wa chombo hakudhuru, tena kunahitajika, maana siki haifanyiki pasipo hewa. Akazifungua zote, akazifunika kitambaa chepesi na kuziweka kivulini.

Mwenye nia ya biashara hii aipashe sharubati moto mara tu baada ya kuichuja, mpaka itoe mvuke mwingi, aitie ingali moto katika chupa za kioo zilizochemshwa, aifunge hapo hapo. Asiyeweza hayo aiweke katika barafu na kuiuza siku ile ile. Aandike siku ya kukamua juu ya kila chupa, mnunuzi aione. Anayetaka kuingia madukani atafute pia kibali cha afya cha kaunti na alama ya KEBS. Wengi huona ni usumbufu, nasi twaona ni sehemu ya amana.

Jamaa wale sasa hukamua kiasi cha kumalizika kabla ya Magharibi. Katika zile chupa arubaini, tisa zilishika ukungu zikamwagwa. Zilizobaki, baada ya miezi miwili na zaidi, zilikuwa siki kali isiyo na harufu ya ulevi, na mama mmoja mtengenezaji wa achari ya maembe akazinunua zote.