Mdau ni nani Kashuga?

Kozi ya mkakati wa biashara ya kimataifa haikosi jina la Michael Porter. Mwaka 1985 alieleza kampuni kuwa ni mfululizo wa shughuli: kupokea malighafi, kuzalisha, kusafirisha, kuuza, kumhudumia mteja. Kwa Kiswahili tunauita mnyororo wa thamani. Mimi huwafundisha wanafunzi wa usimamizi lugha ya kozi hiyo, na huanza na neno hilo kwa sababu mnyororo huunganisha, lakini pia hufunga.

Mfano wangu ni Kashuga, katika barabara itokayo Mweso kwenda Kalembe, pale Masisi inapokaribia Walikale. Watu wake wengi ni wakulima, na kwa miaka mingi wamepokea wakimbizi wa ndani. Upande mmoja kuna Rubaya yenye koltani, ambayo hutoa tantalamu ya simu na kompyuta. Upande wa pili kuna Bisie yenye kasiteriti, madini ya bati.

Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank. Kifungu cha 1502 kiliyataka makampuni yaliyo katika masoko yake ya hisa yaeleze kama bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu yao vinatoka Kongo au nchi jirani. Septemba mwaka huohuo Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Lengo lilikuwa kukata fedha za makundi yenye silaha. Lakini kwa mnunuzi wa mbali, kuchunguza kila gunia kuna gharama. Kuhama na kununua kwingine ni rahisi zaidi. Wengi walihama, na mchimbaji mdogo akabaki bila soko.

Darasani huuliza: uamuzi huo ulikuwa mkakati mzuri? Mwanafunzi anayetazama hesabu za kampuni peke yake hujibu ndiyo. Hapo huwarudisha kwenye neno jingine la kozi, *mdau*. Limetokana na dau, yaani kile anachoweka mchezaji akijua kwamba anaweza kukipoteza. Mwenye hisa ameweka dau kwa hiari. Mkulima wa Kashuga hakuweka chochote, ila shamba lake limo mezani. Je, naye ni mdau? Vitabu husema ndiyo, maana huhesabu kila anayeguswa. Lugha yetu inatukumbusha tofauti kati ya aliyecheza na aliyechezewa.

Tofauti hiyo ina kazi. Machi 2025 vita viliposogea Walikale, kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi Bisie, na bei ya bati ikapanda katika soko la London. Aprili ikaanza kurejea kazini. Kampuni ina mpango wa kuondoka na mpango wa kurudi; aliyekimbia na godoro kichwani hana hata mmoja.

Kwa hiyo zoezi langu ni hili: andika uamuzi uleule wa kampuni mara mbili, kwanza kwa wenye hisa, kisha kwa Kiswahili ambacho mama wa Kashuga atakielewa bila mkalimani. Kama sentensi ya pili haiandikiki bila aibu, usilaumu msamiati. Rudi kwenye uamuzi wenyewe.