Sahani ya Mtoto Nayo ni Lindo

Msafiri atokaye Nimule, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini, hufika kwanza Gumbo kabla ya kuvuka mto Nile na kuingia Juba. Barabara hiyo yenye urefu wa kilomita 192 ilimalizwa kutiwa lami mwaka 2012, nayo ndiyo njia kuu ipitishayo chakula cha mji mkuu: unga wa mahindi, maharagwe, vitunguu, mayai, ndizi na mafuta ya kupikia. Tangu Mei 2022 pako pia Daraja la Uhuru, lililojengwa kwa msaada wa Japani, linalouunganisha upande huo wa mashariki ya mto na mji wenyewe. Sehemu kubwa ya chakula cha Juba, basi, huonekana Gumbo kwanza.

Lakini chakula kupita mbele ya mlango si sawa na chakula kuingia katika bakuli la mtoto. Mtoto aweza kuishi hatua mia moja kutoka sokoni, na bado akalishwa asida tupu asubuhi na jioni, akatulizwa kwa chai ya rangi yenye sukari nyingi na kipande cha andazi. Tumbo lake hujaa, lakini mwili wake huwa haukupata vifaa vya kujengea misuli, damu na ubongo. Utapiamlo wa namna hii haupigi mbiu wala haurushi risasi. Huingia polepole, na hasara uiletayo katika miaka miwili ya kwanza ya uhai ni vigumu mno kuifidia baadaye, hata mzazi akipandishwa cheo na kupata mshahara mnono.

Askari na polisi wanaposoma habari za lishe ya watoto wachanga, baadhi yao huenda wakaona kwamba hayo ni mambo ya akina mama na zahanati. Makala haya yana nia ya kuonyesha kwamba ni mambo ya askari pia, tena kwa sababu tatu: majeshi yenyewe yalijifunza hivyo kwa gharama kubwa, askari anazijua kanuni za chakula na mazoezi kuliko raia wengi, na usalama anaoulinda barabarani ndio unaoamua bei ya maharagwe sokoni.

FUNZO LA MAJESHI

Wakati wa vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, mwaka 1899 hadi 1902, Uingereza ilishtuka kuona vijana wengi waliojitokeza kuandikishwa jeshini wakikataliwa na madaktari kwa udhaifu wa mwili. Kamati iliundwa kuchunguza jambo hilo, ikatoa taarifa yake mwaka 1904. Miaka miwili baadaye, 1906, Bunge lilipitisha sheria ya kuziruhusu serikali za mitaa kuwalisha watoto shuleni. Marekani nayo, baada ya Vita Kuu ya Pili, ilitunga sheria ya chakula cha shule mwaka 1946, na humo ikatamkwa wazi kwamba kulinda afya ya watoto ni jambo la usalama wa taifa. Mataifa hayo yalitambua kwamba kijana aliyeharibika utotoni hawezi kurekebishwa na mkufunzi wa kwata katika majuma machache.

Sisi wa Afrika Mashariki hatukosi mifano yetu. Ugonjwa wa kwashakoo, ambao daktari Cicely Williams aliueleza kwa ulimwengu wa kitabibu katika miaka ya 1930 alipokuwa akifanya kazi Gold Coast, yaani Ghana ya leo, ulichunguzwa sana pia katika hospitali ya Mulago, Kampala. Hapo ndipo kilipoanzishwa, katika miaka ya 1960, kituo cha lishe cha Mwanamugimu, ambacho jina lake latokana na methali ya Kiganda yenye maana kwamba mtoto mwenye siha hutokana na malezi mema. Akina mama walifundishwa hapo kupika chakula cha mchanganyiko kiitwacho kitobero: ndizi au viazi pamoja na maharagwe, karanga, samaki au nyama, vikipikwa kwa mvuke. Tanzania nayo iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai mwaka 1975, ambapo wananchi walikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio, kujadiliana na kutenda. Dawa ya utapiamlo, katika mifano hii yote, ilitafutwa jikoni na shambani mwa mwananchi mwenyewe.

MGAWO WA MTOTO

Kanuni za Shirika la Afya Duniani ni fupi na zaweza kubandikwa ukutani kama amri za siku. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, bila maji, bila uji, bila chai. Kuanzia mwezi wa 6 aanzishiwe vyakula vingine, huku akiendelea kunyonya mpaka afikishe miaka 2 au zaidi. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 apewe mlo mara 2 au 3 kwa siku; wa miezi 9 hadi 23 apewe mara 3 au 4, na kitu kidogo cha kula katikati. Kila siku apate vyakula vya makundi 5 angalau kati ya haya 8: maziwa ya mama, nafaka, mizizi na ndizi, kunde, karanga na mbegu, maziwa na vitokanavyo, nyama na samaki, mayai, matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi, na matunda na mboga nyinginezo.

Mzazi wa Gumbo aweza kuitii amri hiyo bila kununua kopo lolote lenye picha ya mtoto mnene. Asida ya mtama ibaki kuwa msingi. Juu yake iwekwe mboga ya majani au bamia iliyopikwa kwa karanga zilizosagwa au simsim. Samaki wa mto Nile achambuliwe miiba kwa uangalifu, apondwe. Siku nyingine liwe yai, siku nyingine maharagwe. Embe au papai lifuate. Karanga zisagwe daima, kwa maana karanga nzima yaweza kumpalia mtoto mdogo na kumwua.

Soda, maji ya sukari na biskuti havimo katika mgawo huu. Chini ya miaka 2 mtoto asipewe kinywaji chochote kilichotiwa sukari. Chai nayo huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika chakula, na chuma ndicho kijengacho damu. Na kwa kuwa nyumba nyingi za Juba hutumia maji yaletwayo na malori ya tenki, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, mikono ioshwe kwa sabuni. Kwani kuhara kwa siku tatu hunyang'anya lishe ya majuma kadhaa.

MAZOEZI YASIYO KWATA

Askari anajua kwamba chakula bila mazoezi hakijengi mwili imara. Kwa mtoto, mazoezi ni mchezo. Mchanga asiyejua kutambaa alazwe kifudifudi juu ya mkeka, akiwa macho na akiangaliwa, kwa jumla ya dakika 30 kwa siku, ili shingo na mgongo vipate nguvu. Mtoto wa mwaka 1 hadi 4 ahitaji dakika 180 za kujongea katika siku nzima. Na akifikia miaka 3, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kutoka jasho: kukimbia, kuruka kamba, kufukuza tairi, kupiga mpira wa matambara, kucheza ngoma. Asifungwe mgongoni au kitini zaidi ya saa moja mfululizo. Mama auzaye sokoni hana budi kumbeba mwanawe, lakini amshushe mara kwa mara ajinyoshe. Simu isifanywe yaya: mwaka wa kwanza mtoto asiwekwe mbele yake kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Usingizi nao ni sehemu ya mazoezi. Mtoto wa miaka 3 au 4 alale saa 10 hadi 13.

Mchezo wahitaji uwanja, na hapa kazi ya vyombo vya ulinzi yaonekana wazi. Huko Gumbo malori makubwa hupita karibu na nyumba na shule. Polisi wa usalama barabarani anayewadhibiti madereva wenye mbio huwapa watoto nafasi ya kucheza. Na katika nchi iliyopita vitani, chuma kigeni kichakani chaweza kuwa bomu lisilolipuka. Askari akipewa habari za kitu kama hicho, aweke alama, azuie watu wasikaribie, awaarifu wataalamu wa kutegua mabomu mara moja.

BARABARA NA BAKULI

Mwaka 2021, baada ya madereva kuuawa na watu wenye silaha katika barabara za Sudan Kusini, wenzao waligoma, na malori yakakwama mpakani Elegu na Nimule. Kila siku ya lori kukwama ni siku ya bei kupanda, na bei ikipanda kitu cha kwanza kuondolewa katika bakuli la mtoto ni yai na maharagwe. Asida hubaki peke yake. Ndivyo ilivyo pia kwa fedha zitozwazo kinyume cha sheria katika vizuizi vya njiani. Dereva huziongeza katika bei, na mwisho wa hesabu huzilipa mtoto. Askari anyooshaye mkono dirishani mwa lori huenda anapunguza chakula cha mwanawe mwenyewe.

Basi, ndugu askari, siku ya mshahara kaa na mkeo mpange mgawo wa mtoto kabla ya matumizi mengine. Ukiwa lindo la mbali, uliza kwa simu kile alichokula mtoto leo, si kama amekula tu. Mpelekeni zahanati apimwe mkono kwa utepe wa rangi: kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, chini ya sentimita 12.5 ni dalili ya hatari, na chini ya 11.5 ni hatari kubwa itakayo matibabu siku hiyo hiyo. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Askari aliyefundishwa kulinda mpaka, daraja na ghala asiliache bakuli la mwanawe bila mlinzi.